Gari Lisilo na Nyuma

Siku Suleiman alipomwambia Qabale apande nyuma, viti vya ndani vya pikapu yake vilikuwa vitupu, isipokuwa kile alichokikalia mwenyewe. Qabale hakukosa kulitaja hilo kila aliposimulia, na alisimulia mara nyingi, kwa yeyote aliyekuwa na masikio. Pikapu ya milango minne, viti vya ngozi ambavyo havijavuliwa hata nailoni za dukani, na ndani mtu mmoja. Mtu mwenyewe si mgeni: ni mtoto wa baba mdogo wa mumewe, shemeji yake wa kutaniana naye.

Qabale alikuwa amesimama kando ya njia ya udongo inayotoka malishoni kwenda Minjila, amemkumbatia kiunoni binti yake Ruwaida. Mimba ya Ruwaida ilikuwa ya miezi saba, na uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

"Shemeji, tufikishe Ngao, hospitali," Qabale alisema.

Suleiman aliteremsha kioo nusu. Alimtazama Ruwaida, akazitazama leso zake zilizolowa, kisha akageuka kuvitazama viti vyake.

"Pandeni nyuma," alisema. "Hapa ndani viti ni mpya. Na nyinyi mnanuka maziwa."

Huko nyuma walikuwamo mbuzi wanane wa kupelekwa mnadani Garsen. Qabale na binti yake walisafiri wameshika vyuma, mbuzi wakiwakanyaga miguu, na kila shimo la njia lilimpandisha Ruwaida juu na kumshusha kwa kishindo. Kunuka maziwa! Mtu wa ng'ombe asiponuka maziwa anuke nini? Suleiman mwenyewe alikuzwa na maziwa hayo hayo, ya kibuyu kilichofukizwa moshi, kabla hajajua ngozi ya ng'ombe hutengenezewa viti.

Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya adhuhuri, wa kiume, na hakulia. Nesi mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimwambia Qabale kwamba huenda mtoto alikuwa ameshakufa tumboni tangu jana yake, na hata wangekuja kwa ndege lisingebadilika lolote. Qabale hakutaka kulisikia neno hilo. Alichosikia ni kile alicholetewa na wanawake wenzake jioni yake: kwamba Suleiman alikuwa mnadani akiwaambia watu kuwa ameoshesha gari mara mbili na harufu bado haijatoka.

Mara mbili. Maneno hayo yalimwingia Qabale kama mwiba wa mgunga, ule unaovunjikia ndani.

Wazee walikaa wakasema ni kudra ya Mungu, Suleiman hana kosa, tena alitoa msaada. Suleiman alileta mbuzi mmoja wa pole. Qabale alimfungua kamba, akampiga kofi la tako, na mbuzi akarudi kwao mwenyewe huku watu wakiangalia. Mume wa Ruwaida, aliyekuwa akichunga upande wa Hola, alikuja akakaa siku tatu, akarudi kwa ng'ombe wake, na baada ya miezi minne akatuma talaka kwa simu. Ruwaida aliusoma ujumbe, akaiweka simu chini, akaenda kukamua.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Suleiman alisahau. Aliendelea kupita na pikapu yake, akipiga honi mbele ya boma la Jatani na kuinua mkono, na Jatani, mume wa Qabale, aliinua wake. Qabale alikuwa akiusubiri wakati wake.

Wakati huo ulikuja mwaka wa pili, ulipotabiriwa ukame. Jatani, aliyeupoteza utajiri wake wote katika ukame uliopita kwa kung'ang'ania mifugo, safari hii aliuza mafahali mapema wakiwa bado na nyama mwilini. Qabale naye alikuwa na akiba ya fedha za maziwa, ya miaka ya kukusanya bomani na kuuza Garsen. Wakaziweka pamoja, ikapatikana bei ya gari moja. Fedha za watu wawili, gari moja: hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Pikapu," Jatani alisema. "Mwanamume wa mifugo ananunua pikapu. Ukinunua hiyo wagoni ya viti na buti, mbuzi utaweka wapi? Kwa kiti?"

"Mbuzi wana miguu," Qabale alijibu.

"Na maziwa iko na miguu?"

"Maziwa itakaa ndani, kwa kivuli. Kwa pikapu inapigwa na jua mpaka Garsen, ikifika imeshaganda. Miaka hii yote nimeuza mtindi kwa bei ya hasara kwa sababu ya pikapu za watu."

Walikuwa wameketi nje ya nyumba pamoja na Boru, mpwa wake Jatani, fundi wa magari pale Garsen, aliyeitwa aje awaamue. Ruwaida alikuwa akimimina chai. Boru alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono imeota grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote, na alipenda kuulizwa mambo ya magari kuliko alivyopenda kulipwa.

"Mjomba, pikapu ni gari ngumu," alisema. "Iko juu, haigusi mawe. Spring zake za nyuma ni za mabamba, utabeba tani nzima haitalia. Lakini hizo spring zinataka mzigo. Ikiwa tupu nyuma inakuwa nyepesi, na kwa hii tope yetu nyeusi inateleza kama ng'ombe kwa sakafu ya simiti."

"Na wagoni?" Qabale aliuliza.

"Wagoni inavuta na matairi yote manne kila wakati. Hushiki kitu, hubonyezi kitu, inavuta tu. Shida yake ni tumbo, iko chini. Ukikosea ukaingia kwa mtaro, utakalia hapo kama kuku juu ya mayai."

Jatani alicheka, akapiga paja. "Umesikia? Kuku!"

"Na ya Suleiman?" Qabale aliuliza, kana kwamba swali lilimjia tu.

Boru alitabasamu. "Ile? Ile inavuta nyuma peke yake. Suleiman alinunua viti, hakununua gia. Ndiyo maana masika anajaza watu huko nyuma, hata kwa bei ya chini. Mnadhani ni huruma? Ni uzito. Bila watu hatoki."

Qabale alikipokea kikombe cha chai kutoka kwa Ruwaida. Kisha alimgeukia mumewe.

"Wewe unataka pikapu ili ukipita kwa Suleiman akuone."

"Na kuna ubaya gani akiniona?"

"Hakuna. Lakini mimi nataka gari ambayo haina nyuma."

Boru akacheka mpaka chai ikampalia. "Shangazi, gari gani haina nyuma? Hata mkokoteni uko na nyuma."

"Yangu haitakuwa nayo," Qabale alisema. "Kila mtu atakaa kwa kiti."

Ruwaida aliinua birika na kurudi ndani. Hakuwa amesema lolote, na hakuna aliyemwuliza.

Walikwenda Malindi watatu, Jatani, Qabale na Ruwaida, na muuzaji wa pale kwenye uwanja wa magari alikuwa kijana Mpokomo wa Ngao aitwaye Philemon, mwenye shati lililopigwa pasi na maneno laini. Aliposikia wanatoka Minjila alifurahi, akawaita watu wa nyumbani, akawaletea soda. Baada ya hapo alizungumza na Jatani peke yake. Qabale akiuliza jambo, jibu lilikwenda kwa Jatani.

"Hii inakula mafuta kiasi gani?" Qabale aliuliza, ameweka mkono juu ya wagoni ya rangi ya majivu.

"Mzee, hii haina shida ya mafuta," Philemon alimwambia Jatani. "Lakini kwa mtu wa mifugo kama wewe, mimi ningekupa hii hapa." Akampeleka kwenye pikapu nyeupe iliyosimama pembeni, ndefu, safi, magurudumu yake yamepakwa kitu cha kung'arisha. "Hii ukiingia nayo mnadani, bei ya ng'ombe inapanda yenyewe."

Jatani aliizunguka. Aligonga bodi, akapanda nyuma, akakanyaga kwa nguvu kama anayeipima sakafu ya nyumba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha nunua. Qabale aliona, na moyo ulimwaka. Alijiona tena amesimama kando ya njia anaambiwa apande nyuma, safari hii na mumewe.

"Na mama, usijali," Philemon alisema kwa kumbembeleza, "hata mizigo yako itaingia hapa nyuma. Na wageni wakija, wengine watapanda hapa hapa nyuma, hewa safi."

Jatani alikuwa bado amesimama juu ya pikapu. Alisikia neno hilo na akageuka kumtafuta Ruwaida kwa macho. Ruwaida hakuwa pale. Alikuwa amefungua mlango wa abiria wa wagoni, mlango wa kati, akaingia, akafunga. Alikuwa ameketi katikati ya kiti, mikono juu ya magoti, anatazama mbele, wala hakugeuka kuwatazama. Alikaa hivyo hivyo.

Jatani alishuka. Alishuka polepole, akishika ubavu wa pikapu, na alipofika chini alijipangusa mikono ingawa haikuwa na vumbi.

"Tutachukua hiyo," alisema.

"Ipi, mzee?"

"Hiyo alikaa mtoto wangu."

Walirudi wakiendeshwa na dereva wa kukodi, mpaka wakafika darajani. Hapo Jatani alisema mbuzi kweli wana miguu, na Qabale akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kwa hilo alimpenda mumewe upya, na akamsamehe mengi mengine.

Aliyejifunza kuendesha ni Ruwaida. Jatani alijaribu mara mbili akagonga zizi mara mbili, akasema gari hili lina kiburi cha kike, akaacha. Ruwaida alikaa Malindi mwezi mzima kwa shangazi yake, akarudi na leseni, na kuanzia hapo gari likawa lake na la mama yake. Alfajiri walizunguka mabomani kukusanya maziwa, mitungi wakaipanga kwenye buti, wanawake wauza maziwa wakaketi kwenye viti, nao wakaenda Garsen.

Qabale aliweka sheria moja. Hakuna mtu wa kukaa na mitungi, hata awe mtoto, hata awe na haraka namna gani. Viti vikijaa, gari limejaa, na Ruwaida atarudi safari ya pili. Wanawake waliipenda sheria hiyo kuliko walivyolipenda gari. Kuna mmoja, mjane wa Minjila, aliyesema kwamba katika umri wake wote hajawahi kufika Garsen akiwa na kitambaa kisafi kichwani.

Lakini Qabale hakununua gari ili vitambaa vya watu vibaki safi. Kila aliyeketi kwenye kiti chake alikuwa ametoka kwenye pikapu ya Suleiman, na Qabale aliwahesabu. Wanawake wa maziwa waliondoka wote. Kisha wakaondoka waume zao, maana mke akisema, "Pale ndipo Ruwaida alipoumizwa, wewe utapandaje?" mume anashuka. Kisha wakaondoka wanafunzi, na mwalimu wa madrasa, na mwisho hata wenye kuku. Haikupita miezi mitatu, pikapu ya Suleiman ikawa inapita na mbuzi wake tu, na siku zisizo za mnada inapita tupu, inarukaruka kwenye mashimo kama kopo.

Suleiman alikuja kwa Jatani.

"Ndugu yangu, mke wako amenifungia njia."

Jatani alimwita Qabale. Qabale alikuja akasimama mlangoni, anajipangusa mikono.

"Nimemkataza nani asipande gari ya shemeji?" aliuliza. "Mtaje mmoja."

Suleiman alifikiri. Hakupata hata mmoja, maana kweli Qabale hakumkataza mtu. Alikuwa ameeleza tu kisa chake, kila asubuhi, kwa kila aliyeketi.

"Gari yako imeoshwa, shemeji," Qabale aliongeza. "Watu wanaogopa kuichafua."

Basi aliporudi ndani aliketi juu ya kitanda akatetemeka kwa raha. Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kukisubiri miaka miwili.

Masika yalikuja na nguvu. Ukame uliotabiriwa ulipita pembeni, na Jatani akajuta kuuza mafahali, ila hakusema. Udongo mweusi ulilegea, njia ikawa uji, na wenye magari wakaanza kuchagua siku za kutoka. Ruwaida alijifunza kuipeleka wagoni taratibu kwa gia moja bila kuikatisha mwendo, akikwepa mitaro, akiegemea upande wenye majani. Gari lilivuta. Mara mbili liligusa chini, Qabale akapiga bismillahi, nalo likapita.

Asubuhi moja, wakiwa na mitungi saba na bila abiria, kwa kuwa wanawake walikuwa wameogopa mvua, waliiona pikapu ya Suleiman mbele yao. Ilikuwa imezama magurudumu ya nyuma mpaka ekseli, sehemu ile ile ambayo masika yote ya nyuma iliipita kwa kujaza watu. Suleiman alikuwa ndani ya matope mpaka magotini, kanzu ameipandisha kiunoni, anachimba kwa mikono. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kwenye kiti cha ngozi alikuwa amelazwa mama yake, Abdia.

Abdia alikuwa bibi wa kwao wote. Ndiye aliyemkanda Qabale alipomzaa Ruwaida, siku arobaini, asubuhi na jioni, kwa samli aliyoitengeneza mwenyewe. Sasa alikuwa anavuta pumzi kwa kukoroma, midomo imemgeuka rangi.

"Amekuwa hivi tangu jana," Suleiman alisema. Matope yalikuwa mpaka ndevuni. "Shemeji, nisaidie. Nilikuwa nampeleka Ngao. Hii gari bila mzigo haitoki. Nimengoja mtu apite tangu alfajiri, hata mtu mmoja wa kunisukumia hakuna."

Qabale alilijua jambo hilo kabla Suleiman hajalimaliza. Alijua ni nani aliyeipakua ile pikapu, mtu mmoja mmoja, na alimwona huyu bibi kikongwe ambaye hakuwa kwenye hesabu zake amelala humo. Alishuka upesi. Yeye na Ruwaida walimbeba Abdia, wakamweka kiti cha mbele, wakakilaza, wakamfunga mkanda, na Qabale akamfunika kwa mtandio wake mwenyewe. Yeye akafungua mlango wa kati, akaketi. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya watu wawili.

Suleiman alibaki amesimama kwenye matope.

"Na mimi?" aliuliza. "Niende na mama yangu."

"Panda nyuma," Qabale alisema.

Haki ya Mungu, alimaanisha kiti. Kila abiria wake aliambiwa hivyo kila asubuhi, panda nyuma, na kila mmoja akaja kuketi kwenye kiti hicho. Lakini mtu hulisikia neno kwa maana aliyozoea kulitumia. Suleiman aliinamisha kichwa, akazunguka gari, akafungua buti, akapanda katikati ya mitungi ya maziwa. Alikuwa mtu mrefu. Ilibidi akunje magoti mpaka kidevuni na kuinamisha shingo chini ya paa. Akajifungia mwenyewe.

Ruwaida alikuwa ameshika usukani. Alimtazama mama yake kwenye kioo.

"Mama?" alisema.

Ingekuwa neno moja tu. Shemeji, njoo hapa, kiti kipo. Qabale alilihisi neno hilo mdomoni, akalifunga humo, akaona utamu ulioje kulifunga.

"Endesha," alisema. "Bibi ana pumzi chache."

Walipita Minjila. Mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wametoka kwenye vibaraza. Wote walilijua gari la Qabale, na wote waliijua sheria yake, kwa hiyo wote walikiona kichwa kwenye kioo kikubwa cha nyuma. Mmoja aliita mwenzake. Mwenzake akaita wengine. Qabale alisikia kicheko kikifuata gari hadi mwisho wa maduka. Hakugeuka. Nyuma yake, kila tairi lilipoingia shimoni, alisikia kichwa kikigonga paa, na mtungi mmoja ukafunguka kifuniko, na maziwa yakamwagika, na Suleiman hakulalamika hata mara moja.

Hospitalini walimpokea Abdia kwa kitanda cha magurudumu, wakamtia hewa puani, na baada ya saa moja daktari akatoka akasema ni mapafu, atalazwa, lakini amewahi. Angechelewa mpaka mchana ingekuwa habari nyingine.

Suleiman alikuwa amesimama kando ya ukuta. Kanzu yake ililowa maziwa kuanzia kifuani, na inzi walikuwa wamemjia. Mwanamke mmoja aliyekaa benchini na mtoto alisogea kidogo, akaziba pua kwa leso. Suleiman aliona. Akajinusa begani, haraka, kama mtu anayejificha.

"Asante, shemeji," alisema. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Siku ile viti vilikuwa bado vya mkopo. Niliogopa."

"Ndiyo," Qabale alisema. Alimwacha na inzi wake, akatoka nje akitembea wima, na alijiona mwepesi, kama aliyeteremshwa mzigo wa kuni kichwani baada ya safari ndefu.

Walikuwa wametoka Ngao na kufika kwenye mashamba ya mpunga Ruwaida aliposimamisha gari kando ya njia. Qabale, aliyekuwa amerudi kuketi mbele, alidhani ni tairi.

"Mama, umefurahi?" Ruwaida aliuliza.

"Nimefurahi. Wewe hukufurahi? Umemwona alivyokunjwa? Huyo ndiye alimwua mtoto wako."

Ruwaida alizima injini. Wanawake wa Kipokomo walikuwa wameinama shambani wakipandikiza, na mmoja aliinua mkono kuwasalimia. Ruwaida akamrudishia.

"Siku ile kulikuwa na gari nyingine inakuja," alisema. "Ile ndogo ya mwalimu, nyuma ya Suleiman. Vumbi yake ilikuwa inaonekana. Nilikwambia, mama, wacha huyu apite, tungoje ile. Nilikwambia siwezi kukaa na mbuzi. Nilikwambia mara ngapi?"

Qabale aliwatazama wale wanawake shambani.

"Na wewe ukaniambia nini?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Ulisema, panda, usinitie aibu mbele ya shemeji yangu, ameshasimama. Ukanisukuma na mkono, hapa." Aligusa kiuno chake kwa nyuma, mahali hasa. "Mimi sikupandishwa na Suleiman."

Qabale alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba mwalimu pengine angekataa, kwamba shemeji akishasimamisha gari mtu hamwambii pita. Alitaka kusema alilolisema nesi. Lilikuwa limekaa sikioni mwake miaka yote hiyo, na sasa alilihitaji, na aliona aibu kulichukua.

"Mbona hukuniambia?" alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Miaka miwili, Ruwaida. Tunaamka pamoja, tunakamua pamoja. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na Suleiman," Ruwaida alisema. Hakukasirika. Alisema kama anayemweleza mgeni njia. "Nilikuona unamchukia mchana na usiku, na bado unakula, unalala, unafanya biashara. Nikasema wacha mama awe naye. Akimaliza na yeye nitamwambia."

Akawasha gari, akatazama nyuma na mbele kama alivyofundishwa.

"Leo umemaliza naye."

Aliingia barabarani akalielekeza gari Garsen, kwa kuwa mitungi sita ilikuwa bado mizima na wateja walikuwa wakingoja.